Kuwafunza Pamoja Wasimamizi na Wachambuzi wa Polisi Wakati wa Bajeti Finyu: Uchunguzi wa Uingereza na Wales, 2010–2018

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mafunzo ya wasimamizi na wachambuzi wa polisi yanavyoweza kuinua utendaji pale bajeti inapopungua. Eneo la uchunguzi ni Uingereza na Wales kati ya mwaka 2010 na 2018, kipindi ambacho majeshi ya polisi ya huko yalipunguziwa fedha na watumishi kwa kiwango kikubwa. Makala yamejengwa juu ya takwimu za serikali, taarifa za ukaguzi na majaribio ya doria yaliyokwisha kuchapishwa. Hoja kuu ni kwamba manufaa ya uchambuzi hayatokani na ujuzi wa mchambuzi peke yake, wala na amri ya msimamizi peke yake. Yanapatikana pale wawili hao wanapokutana katika uamuzi mmoja: askari aende wapi, saa ngapi, na akae kwa muda gani. Kwa sababu hiyo, mafunzo yanayowatenga watu hawa wawili hugharimu fedha bila kubadili kazi ya doria.

Istilahi za msingi: uchambuzi wa uhalifu, usimamizi wa polisi, eneo sugu, doria, bajeti finyu.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi katika mambo ya biashara, lakini inalihusu jeshi la polisi vilevile. Mali kubwa ya jeshi la polisi si magari wala majengo. Ni saa za kazi za askari wake. Sehemu kubwa ya bajeti hulipa mishahara, na mshahara hununua muda. Muda huo ukitumika bila kuhesabiwa, hakuna anayejua umepotelea wapi, na bajeti inapopunguzwa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni kazi ipi inaweza kuachwa bila kumdhuru mwananchi.

Katika makala haya, *msimamizi* ni ofisa mwenye mamlaka ya kuwapangia askari kazi, kuanzia mkuu wa zamu hadi mkuu wa wilaya ya kipolisi. *Mchambuzi* ni mtumishi anayekusanya na kufasiri taarifa za matukio ili kuongoza upangaji huo. Uingereza, kwa kawaida huyu ni mtumishi raia, si askari. *Eneo sugu* ni mahali padogo, kama vile kona ya barabara, kituo cha mabasi au mtaa mfupi, ambapo matukio hujirudia kuliko kwingineko. Tofauti kati ya eneo sugu na kata nzima ni ya msingi, kwa sababu mjadala wote unaofuata unautegemea udogo wa mahali hapo.

2.0 Upunguzaji wa Bajeti na Sura Yake

Mwezi Oktoba 2010 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ruzuku ya serikali kuu kwa polisi ingepunguzwa kwa asilimia 20 ya thamani halisi katika miaka minne. Upunguzaji haukuishia hapo. Taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Septemba 2018 ilionesha kwamba tangu mwaka wa fedha 2010/11 ruzuku hiyo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 30 ya thamani halisi. Kwa kuwa majeshi hupata pia sehemu ya mapato kutokana na kodi ya halmashauri, fedha zote kwa jumla zilishuka kwa asilimia 19.

Idadi ya watumishi ilifuata mkondo huohuo. Mwezi Machi 2010 majeshi 43 ya Uingereza na Wales yalikuwa na askari takribani 143,700. Kufikia Machi 2018 walibaki takribani 122,400. Hilo ni punguzo la karibu asilimia 15. Watumishi raia, ambao mwaka 2010 walikuwa takribani 79,600, walipungua zaidi kwa uwiano: takribani mmoja kati ya kila watano aliondoka katika kipindi hicho.

Tofauti hiyo ya uwiano ina maana yake. Kisiasa, askari anayeonekana barabarani hulindwa kwanza, na mtumishi wa ofisini hukatwa kwanza. Mchambuzi huketi ofisini. Hivyo basi, bajeti inapobana, jeshi huwa katika hatari ya kumpoteza mtu ambaye kazi yake ni kuonesha wapi askari waliobaki wangefaa zaidi. Pale ambapo nafasi yake imesalimika, swali linalobaki ni hili: je, msimamizi anajua amtumie kwa lipi?

3.0 Msingi wa Maarifa: Thamani ya Dakika ya Doria

Ili kueleza kinachopaswa kufundishwa, ni lazima kurejea majaribio yaliyofanyika Marekani, kwa kuwa ndiyo yaliyojenga msingi wa maarifa ambao baadaye ulitumiwa Uingereza.

Jaribio la kwanza lilifanyika Kansas City kati ya Oktoba 1972 na Septemba 1973. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza doria ya kawaida iliondolewa na askari waliingia tu walipoitwa. Katika la pili iliendelea kama kawaida. Katika la tatu iliongezwa mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiwango cha maana, na wananchi hawakuona tofauti. Wengi walihitimisha kwamba doria haizuii uhalifu.

Hitimisho hilo lilikuwa la haraka. Mwaka 1989 Sherman na wenzake walionesha kwamba, katika jiji la Minneapolis, zaidi kidogo ya asilimia 3 ya anwani zote ndizo zilizotoa nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. Ikiwa matukio yamejikusanya kiasi hicho, basi kuisambaza doria katika eneo kubwa ni kumwaga maji ya ndoo moja katika shamba zima. Jaribio lililofuata jijini humo, ambalo matokeo yake yalichapishwa na Sherman na Weisburd mwaka 1995, lilihusisha maeneo sugu 110, nusu yakipewa doria ya ziada kwa mgawanyo wa nasibu. Simu za uhalifu katika maeneo yaliyopewa doria zilipungua kwa asilimia 6 hadi 13 zikilinganishwa na nyingine. Mwaka huohuo Koper, akitumia data za Minneapolis, alionesha kwamba athari ya askari kuwapo mahali huongezeka hadi kufikia dakika 10 hadi 15, kisha kila dakika ya ziada huleta manufaa madogo zaidi.

Kwa msimamizi mwenye askari wachache, ugunduzi wa mwisho una uzito kuliko yote. Hauhitaji askari zaidi; unahitaji askari waleule wahame mapema. Jambo hili lilijaribiwa Sacramento, California, mwaka 2011, wakati mji huo ulipokuwa ukipunguza matumizi. Kwa siku 90, askari waliokuwa zamu walipewa orodha ya maeneo sugu ya kutembelea kwa mpangilio wa nasibu, wakikaa dakika 12 hadi 16 kila mahali katika muda ambao hawakuwa wakiitikia simu. Kati ya maeneo 42, nusu yaliingizwa katika utaratibu huo. Makosa makubwa yalipungua katika maeneo ya jaribio, huku yakiongezeka katika maeneo linganishi. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo, Renée Mitchell, alikuwa sajini wa jeshi hilohilo. Jambo hilo si dogo, nasi tutalirejea.

Uingereza, ushahidi unaofanana na huo ulitoka Peterborough. Utafiti wa Ariel na wenzake (2016) uliwatumia maofisa wasaidizi wa jamii, ambao hawabebi silaha, hawana mamlaka ya kukamata kama askari, na mishahara yao ni midogo kuliko ya askari. Katika maeneo sugu 72, sehemu yake ilitembelewa kwa miguu mara kadhaa kwa siku, takribani dakika 15 kila mara. Kwa wastani kila eneo la jaribio lilipata takribani dakika 21 za ziada kwa siku. Uhalifu ulioripotiwa na waathirika ulipungua kwa asilimia 39, na simu za dharura kwa asilimia 20, zikilinganishwa na maeneo linganishi.

4.0 Yanayopaswa Kufundishwa

4.1 Kwa mchambuzi

Mafunzo mengi ya wachambuzi huanza na programu za kompyuta na uchoraji wa ramani. Ujuzi huo ni wa lazima, lakini haujitoshelezi. Ramani inayoonesha kwamba katikati ya mji kuna uhalifu mwingi haimwambii mkuu wa zamu jambo ambalo hakulijua. Mchambuzi anapaswa kufundishwa mambo matatu zaidi.

La kwanza ni kulipunguza tatizo hadi lifikie ukubwa unaoweza kushughulikiwa. Utaratibu uliobuniwa na Eck na Spelman mwaka 1987 una hatua nne: kubaini tatizo, kulichambua, kuchukua hatua, na kutathmini. Umuhimu wake ni kumzuia mtu kuruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu. Kwa mfano, “wizi umeongezeka” si tatizo lililochambuliwa. “Wizi wa baiskeli nje ya kituo cha treni kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni” ni tatizo ambalo msimamizi anaweza kulikabili, pengine bila kutumia askari hata mmoja, bali kwa kumwomba mwenye kituo ahamishe sehemu ya kuegesha.

La pili ni kupima madhara pamoja na idadi. Hesabu ya kawaida huliweka kosa la kuiba bidhaa dukani na kosa la ubakaji katika uzani mmoja: kila moja ni tukio moja. Mwaka 2016 Sherman, Peter Neyroud na Eleanor Neyroud walipendekeza kipimo kinachotumia siku za kifungo zinazoainishwa katika miongozo ya adhabu, ili kosa zito lihesabike kwa uzito wake. Mahali penye matukio machache panaweza kuwa ndipo penye madhara makubwa, na bajeti finyu hairuhusu kuyachanganya mambo hayo mawili.

La tatu ni kuzitilia shaka takwimu zake mwenyewe. Mwezi Januari 2014 Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza iliziondolea takwimu za uhalifu zilizorekodiwa na polisi hadhi ya takwimu rasmi za taifa. Mwezi Novemba mwaka huohuo wakaguzi wa polisi walikadiria kwamba takribani asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuwa yakirekodiwa, yaani zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Nyuma ya kila kosa lisilorekodiwa kuna mtu aliyekwenda kuomba msaada. Mchambuzi asiyelijua hilo atachora ramani ya tabia ya kurekodi, akidhani amechora ramani ya uhalifu.

4.2 Kwa msimamizi

Msimamizi hahitaji kujua kuchora ramani. Anahitaji kwanza kujua muda wa askari wake unakwenda wapi. Uchunguzi wa Chuo cha Upolisi cha Uingereza na Wales wa mwaka 2015 ulionesha kwamba asilimia 83 ya simu zilizoingia katika vyumba vya uongozaji hazikuhusu uhalifu moja kwa moja. Nyingi zilihusu usalama na ustawi wa watu, malalamiko na mambo ya usafiri. Msimamizi anayepanga kazi kwa kutazama idadi ya makosa pekee anapanga kwa kutazama sehemu ndogo ya mzigo wake.

Pili, anahitaji hesabu nyepesi ya muda. Tuchukue mfano wa kubuni. Zamu moja ina magari sita, na kila gari lina saa tatu ambazo halijaitwa popote. Jumla ni saa 18. Tukitoa nusu kwa ajili ya safari na dharura, zinabaki saa tisa, sawa na dakika 540. Kwa kituo cha dakika 15, hizo ni ziara 36: maeneo sugu 12, kila moja likitembelewa mara tatu. Msimamizi akiiona hesabu hii, ombi lake kwa mchambuzi hubadilika. Badala ya kuagiza “nipe taarifa ya uhalifu ya mwezi,” atauliza: “Nina nafasi kumi na mbili, ni mahali gani kumi na mbili?”

Tatu, anahitaji kufuatilia. Sherman, katika maandishi yake ya mwaka 2013, aliyagawa matumizi ya ushahidi katika upolisi katika kazi tatu: kulenga, kujaribu na kufuatilia. Kati ya hizo, kufuatilia ndiko kunakopuuzwa zaidi. Orodha ya ziara ambayo hakuna anayekagua kama zilifanyika hubaki karatasi tu.

5.0 Kwa Nini Wafunzwe Pamoja

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, majeshi ya Uingereza na Wales yamekuwa na mfumo wa taifa wa upolisi unaoongozwa na taarifa za kiintelijensia. Mfumo huo uliweka vikao maalumu vya kugawa kazi, ambamo ripoti za wachambuzi hupokelewa na maamuzi hufanywa. Kimuundo, basi, daraja kati ya mchambuzi na msimamizi lilikuwapo kabla ya bajeti kupunguzwa.

Hata hivyo, muundo haukuziba pengo la uelewa. Utafiti wa Nina Cope uliochapishwa mwaka 2004 ulionesha kwamba maofisa wengi hawakuelewa uchambuzi ni nini na unaweza kuwasaidiaje, na kwamba wachambuzi nao hawakuielewa vya kutosha kazi ya polisi ya kila siku. Matokeo yake, uchambuzi mara nyingi ulitumika kuthibitisha yale ambayo maofisa walikwisha kuyaamini. Ni rahisi kuona jinsi hali hiyo inavyojiendeleza. Mchambuzi asiyeulizwa swali la maana huandika ripoti ya jumla. Msimamizi anayepokea ripoti ya jumla huona haina faida. Mwaka wa kukata bajeti unapofika, yeye mwenyewe hushauri nafasi ya mchambuzi iondolewe. Kwa mtazamo wake, hajakosea: ripoti kweli haikumfaa. Kosa lilianza pale ambapo kila mmoja alifunzwa bila mwenzake.

Hapa ndipo mfano wa Sacramento unapopata maana yake kamili. Aliyekuwa akijenga jaribio alikuwa pia mtu aliyeijua zamu: alijua askari wangekubali nini na lini wana nafasi. Uingereza, njia inayokaribiana na hiyo imekuwa programu ya Chuo Kikuu cha Cambridge kwa viongozi wa polisi, ambamo maofisa waliomo kazini hufanya tafiti kwa kutumia takwimu za majeshi yao wenyewe. Faida ya njia hiyo ni kwamba msimamizi hujifunza kuuliza swali kwa kulijibu mwenyewe walau mara moja.

Programu hiyo, hata hivyo, huwafikia viongozi wachache, nayo ni masomo ya muda mrefu. Kwa jeshi lenye bajeti finyu, makala haya yanapendekeza umbo dogo zaidi. Mkuu wa zamu au wa wilaya na mchambuzi wake waingie darasani kama jozi, wakiwa na takwimu za eneo lao na ratiba halisi ya zamu. Siku ya kwanza wahesabu muda usio na kazi. Siku ya pili wachague maeneo sugu yanayotosha muda huo, na mchambuzi aeleze mbele ya mwenzake udhaifu wa takwimu alizotumia. Siku ya tatu waandike uamuzi mmoja: mahali, saa, muda wa kukaa, kipimo kitakachotumika, na tarehe ya kuutathmini. Warudi baada ya miezi mitatu na matokeo, hata kama hayapendezi. Gharama ya msingi ni muda wao. Hakuna programu mpya ya kompyuta inayonunuliwa.

6.0 Mipaka na Tahadhari

Pendekezo hili lina mipaka mitatu ambayo mtafiti hana budi kuikiri.

Kwanza, doria ya maeneo sugu inaweza kuwalemea wakazi wa sehemu maskini iwapo itageuzwa kuwa msako. Majaribio yaliyotajwa yalipima kuwapo kwa askari, si idadi ya watu waliosimamishwa na kupekuliwa. Peterborough, waliokwenda hawakuwa hata na mamlaka ya kukamata. Tofauti hiyo inapaswa kuwa sehemu ya somo.

Pili, matokeo ya miji hiyo hayahamishwi kama yalivyo. Kinachohamishika ni utaratibu wa kulenga, kujaribu na kufuatilia. Iwapo dakika 15 zinafaa mahali fulani, hilo ni jambo la kupimwa hapohapo.

Tatu, na lililo zito zaidi, ufanisi usigeuzwe kuwa kisingizio. Mafunzo yanaweza kuzitumia vizuri saa zilizopo. Hayawezi kuzalisha saa ambazo hazipo. Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ilianza kuajiri askari 20,000 wa ziada, na lengo hilo lilifikiwa Machi 2023. Hatua hiyo inaonesha kwamba serikali yenyewe iliona idadi imeshuka mno. Lakini lengo lilihesabiwa kwa askari, na si kwa wachambuzi, na kwa hiyo swali la nani atawaelekeza askari hao lilibaki palepale.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kati ya mwaka 2010 na 2018 majeshi ya polisi ya Uingereza na Wales yalipoteza fedha, askari, na kwa uwiano mkubwa zaidi watumishi raia, kundi ambalo wachambuzi wamo. Yameonesha pia kwamba maarifa ya kutumia muda mfupi kwa manufaa makubwa yalikuwapo na yalikwisha kujaribiwa. Kilichopungua ni watu wawili wanaoelewana: mmoja anayejua kuuliza na mmoja anayejua kujibu.

Kila dakika ya doria inayopelekwa mahali pamoja huondolewa mahali pengine. Uamuzi huo hufanyika kila siku, uwe umefikiriwa au haukufikiriwa, na anayelipa gharama ya kukosea ni mkazi wa mahali palipoachwa. Hiyo ndiyo sababu ya kulitazama suala la mafunzo kama suala la haki kwa wananchi, na si la uhasibu peke yake. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zilinganishe moja kwa moja wilaya ambazo wasimamizi na wachambuzi wamefunzwa pamoja na zile ambazo kila upande umefunzwa peke yake, kwa mgawanyo wa nasibu, ili hoja iliyotolewa hapa ipimwe kwa kipimo kilekile inachowadai polisi wakitumie.